Herufi Tano

Katika kijiji cha Mrindi, kwenye mabega ya milima ya Upare, upande wa kushuka kutoka Chome, hapakuwa na mtu, mkubwa wala mdogo, asiyeijua sheria ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba ubavuni mwa mlima ili maji ya kijito yalale humo usiku, na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Aliyemkatia mwenzake maji, kwa jembe au kwa ulimi, ataingia ndani ya ndiva mbele ya watu wote na kuzoa tope peke yake, huku aliyekosewa amesimama ukingoni. Wala hatatoka humo mpaka huyo wa ukingoni atamke kwamba imetosha. Mtoto wa mfumwa, yaani chifu, aliwahi kuzoa tope hilo, na mwinjilisti naye aliwahi. Sheria haikumwuliza mtu amevaa nini.

Karani Eliezeri ndiye aliyeipiga chapa sheria hiyo na kuibandika ukutani mwa ofisi, mwaka kijiji kilipoandikishwa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, tena alikuwa na sheria nyingine ya kazi yake, ambayo nayo kijiji kizima kiliijua kwa kuwa hakuchoka kuisimulia. Aliipokea shuleni misheni, zamani za Mwingereza, kwa mwalimu aliyekuwa akipita nyuma ya wanafunzi na rula mkononi. Mpiga chapa akikosea neno, hafuti. Hurudi nyuma kwa kitufe, hatua moja moja, akalipiga neno lile alama ya x juu ya kila herufi. Kisha huandika neno la haki, na pembeni mwa mstari hutia kwa wino herufi za kwanza za jina lake.

"Kosa lionekane," mwalimu yule alikuwa akisema, "na aliyekosa aonekane."

Eliezeri aliishika sheria hiyo katika ofisi ya shamba la mkonge huko tambarare, akaishika katika ofisi za Same mjini, na alipostaafu akarudi nayo nyumbani pamoja na mashine yake nzee ya kupigia chapa. Watu wa Mrindi walizizoea karatasi zake zenye x hapa na pale. Vijana walimtania, wakamwita Karani Eksi. Lakini wazee waliziamini karatasi hizo, maana kilichobadilishwa humo kilijulikana kuwa kimebadilishwa, na kisichokuwa na x kilikuwa neno la mtu kama lilivyotoka kinywani mwake.

Ilipofika Operesheni Vijiji, vitongoji vitatu vilivyotawanyika mlimani viliunganishwa kuwa kijiji kimoja, na zamu za maji zikabidi ziandikwe upya. Kila mwenye kaya aliitwa ofisini aeleze zamu yake ni siku gani na imetoka kwa nani. Karani alipiga chapa maelezo hayo, akayasoma kwa sauti, na mwenyewe akatia sahihi au dole gumba.

Miongoni mwa walioitwa alikuwamo Rahabu. Huyu alikuwa mjane ambaye hata mvi hazijamwota. Hakuwa mzaliwa wa Mrindi. Kwao ni Shighatini, Ugweno, mwisho mwingine kabisa wa milima. Filipo wa Mrindi alimpata kambini, kwenye mkonge, wakafungishwa ndoa huko huko na mchungaji wa kambi, na hakuna mtu wa Mrindi aliyehudhuria. Filipo alimleta nyumbani, akamjengea, akalima naye misimu miwili, kisha kichomi kikamchukua kabla hawajapata mtoto. Kilichombakia Rahabu ni nyumba, kishamba cha maharage na tangawizi, na zamu ya maji ya Alhamisi. Bila Alhamisi ile, nyumba ilikuwa kivuli tu na shamba lilikuwa vumbi. Yeye alisema Kigweno. Chasu, lugha ya watu wa Mrindi, alikisikia nusu nusu. Na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha polepole, kana kwamba anavuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Zamu ya Alhamisi ni ya nani, mama?" Eliezeri alimwuliza siku ile.

"Ya bwana yangu, baba. Marehemu Filipo."

Eliezeri akaandika: *Zamu ya Alhamisi ninayoitumia ni ya marehemu bwana yangu Filipo, nami naomba niendelee nayo.* Alipomsomea, Rahabu alifunika mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo kwa furaha, jinsi karatasi ilivyoweza kusema maneno yake bila kukwama. Akatia dole gumba. Alama yake ilikuwa ndogo, kama punje ya kahawa.

Majuma machache baadaye alikuja katibu kutoka tarafani, kijana mnene mwenye redio ya begani. Alilipekua lile jalada la maelezo akiwa amesimama, mbele ya wajumbe wote.

"Bwana Chande. Bwana Daudi. Bwana huyu, bwana yule," alisoma huku akifunua. "Nyie watu wa milimani bado mna mabwana? Sisi huku chini tulidhani mabwana walikwisha panda meli wakaenda kwao."

Wajumbe wakaangua kicheko.

"Ni Karani wetu huyo," alisema mmoja. "Misheni haijamtoka kichwani."

"Mzee wangu," katibu akamgeukia Eliezeri, "siku hizi ni ndugu. Mwenyekiti ni ndugu, mimi ni ndugu, na wewe ni ndugu. Nitalipitia jalada hili mwisho wa mwezi, nilipeleke wilayani. Nisimkute bwana humo hata mmoja. Na tafadhali, usiniletee karatasi zenye misalaba kama makaburi."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Eliezeri alijiona mzee siku hiyo. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alichokitaka, na hili ndilo alilokuja kulikumbuka kwa uchungu baadaye, ni kwamba kijana yule amsifu.

Kupiga chapa upya jalada zima hakukuwezekana, maana karatasi zilikuwa haba miaka ile na madole gumba yalikwisha tiwa. Kupiga x alikatazwa. Basi akafungua saraka na kutoa kitu alichopewa zawadi siku ya kustaafu Same, ambacho hakuwahi kukitumia hata mara moja: raba ya wapiga chapa, ngumu, ya duara kama sarafu, yenye brashi ndogo ya kupangusia.

Akagundua kwamba mkono wake unaijua kazi hiyo kana kwamba ulizaliwa nayo. Alipandisha karatasi ili vumbi la raba lisiangukie ndani ya mashine; akaweka kipande cha kadi nyuma ya neno; akasugua kwa kuzunguka, taratibu, wino ukatoka na karatasi isitoboke; akapuliza, akapangusa; akarudisha karatasi mahali pake, akarudi nyuma kwa kitufe, na kupiga neno jipya kwa wepesi ili wino ulingane na majirani zake. Na hapo akaona jambo lililomfurahisha kama fumbo lililofumbuka. *Bwana* ni herufi tano. *Ndugu* ni herufi tano. Neno moja liliondoka na jingine likakaa pale pale, halikubana wala kupwaya, kama mguu katika kiatu chake.

Hakufanya kazi hiyo kipofu. Alipokutana na *bwana shamba* alimwacha, kwa sababu hicho ni cheo cha kazi. Alipokutana na Bwana katika maelezo ya usharika alimwacha kwa hofu na heshima. Akajisifu moyoni kwa uangalifu wake. Lakini kadiri jalada lilivyopungua macho yake yaliacha kusoma yakaanza kuwinda; yalitafuta umbo la lile neno jinsi mwindaji anavyotafuta masikio ya sungura majanini, na lilipochomoza tu, mkono ulikwisha fika.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye karatasi ya Rahabu.

Alipokwisha kupiga ile *u* ya mwisho ndipo alipousoma mstari. *Zamu ya Alhamisi ninayoitumia ni ya marehemu ndugu yangu Filipo.* Alikaa akiutazama. Alijua amefanya nini. Lakini mahali palipofutwa palikuwa pamekwisha kuwa pembamba, na kusugua mara ya pili kungetoboa karatasi. Na x zingeonekana peke yake katika jalada zima safi, kama jino moja jeusi. Akajiambia kwamba ndugu ni neno pana. Akajiambia kwamba mke naye ni ndugu, na kwamba kila mtu anamjua Rahabu kuwa ni wa Filipo. Akaitoa karatasi kwenye mashine, akaipanga na wenzake.

Katibu alipolipitia jalada alipiga mluzi. "Safi kama sahani, Ndugu Eliezeri," alisema, na Eliezeri akainamisha kichwa kama kijana aliyepewa tuzo.

Mkutano wa kuthibitisha zamu ulifanyika darasani, alasiri moja ya kiangazi. Mwenyekiti Chande, mtu mpole mwenye sauti ya kwaya, alisoma karatasi moja baada ya nyingine, na watu wakaitikia. Alipofika kwenye Alhamisi, Daudi aliinua kichwa. Daudi alikuwa kaka mkubwa wa Filipo, mtu wa mizaha, mwenye shamba lililopakana na la marehemu. Tumtendee haki: hakuja mkutanoni na hila yoyote. Hila aliikuta humo ndani imekwisha tayarishwa.

"Rudia hapo, Ndugu Mwenyekiti."

"Ya marehemu ndugu yangu Filipo," Chande akarudia, na yeye mwenyewe akakunja uso.

"Ndugu yake!" Daudi akasimama, mikono kiunoni. "Basi mimi na huyu mama ni baba mmoja! Karibu nyumbani, dada. Miaka yote hii nakuita shemeji, mbona hukunisahihisha? Na baba yetu naye, Mungu amrehemu, hakutuambia kama aliwahi kupitia Ugweno."

Darasa likalipuka. Hata wazee walifuta macho. Kisha sauti ya mwanamke kutoka madirishani ikasema, "Na kile kitanda kimoja alichokuwa akilala na kaka yake?" Kicheko kikaendelea, lakini kikawa kicheko kingine, cha kutazamana chini ya macho.

Rahabu alisimama. Alishika ukingo wa dawati.

"Mimi nilisema bwana," alisema.

Chande aliigeuza karatasi, akaiinua kuelekea dirishani ili nuru ipite. Aliitazama kwa muda, maana hakuwa mtu mbaya, na alitamani kuona kitu.

"Hakuna x, mama," alisema mwishowe. "Karani wetu akibadili neno, huliacha likaonekana. Kila mtu hapa anajua. Hata watoto wanamwita hivyo." Akageuka. "Karani, ndivyo alivyosema?"

Eliezeri alisimama mahali pake, karibu na ubao. Alikuwa na neno moja tu la kusema, fupi kuliko yote aliyowahi kupiga, na darasa zima lilikuwa likimngoja kwa imani. Macho yake yaliangukia mikono ya Rahabu juu ya dawati, akayahamisha haraka.

"Karatasi ni hiyo mnayoiona, Ndugu Mwenyekiti," alisema.

"Basi," akasema Chande.

Sheria ya maji ilikuwa wazi. Mke hubaki na zamu ya mumewe. Dada hana zamu kwa kaka yake. Maji hurudi kwa wanaume wa nyumba hiyo. Walikuwamo waliomjua Rahabu kuwa mke, waliowahi kumwona akimuuguza Filipo na kumfunika shuka. Lakini hakuna aliyeiona ndoa kwa macho yake, na karatasi ilikuwa safi. Alhamisi ikaenda kwa Daudi.

Aibu haikumjia Eliezeri kwa kishindo. Ilimjia kama unyevu unavyopanda ukutani. Siku ya kwanza aliona chakula hakina chumvi. Jumapili, alipopita na sahani ya sadaka kati ya viti, kwa kuwa alikuwa mzee wa usharika, alimpita Rahabu bila kusimama, na senti ya mjane ikabaki kiganjani mwake. Alhamisi alijikuta amesimama juu ya njia, akitazama maji ya ndiva yakishuka mferejini, yakipita kando ya kishamba cha Rahabu bila kugeuka, yakiingia kwa Daudi. Maharage yalikuwa yameanza kukunja majani. Daudi alimwona kule juu akampungia mkono kwa uchangamfu: "Ahsante, Karani! Kalamu yako ina mvua!"

Ofisini alikuwa akiitoa ile karatasi jaladani na kupitisha dole gumba juu ya lile neno. Macho hayakuona kitu. Lakini kidole kilisikia: palikuwa na manyoya madogo, kama shavu la kijana ambaye hajanyoa. Alipitisha kidole hapo mpaka akawa anapasikia hata akiwa nyumbani, hata akiwa ameshika kikombe.

Wanawake kisimani sasa walimwita Rahabu "dada yake Filipo", na kama yupo aliyetaka kuacha mzaha huo, mwingine aliuanzisha. Watoto walipokea. Alipopita shuleni, uzio mzima uliimba: "Dada! Dada!"

Alikuja ofisini asubuhi moja, amefunga kanga vizuri, na mkononi ana kikapu kidogo cha maharage mabichi. Eliezeri alipomwona mlangoni alijua kwamba saa imefika, na ndani yake palikuwa na kitu kama faraja. Amekuja kunishtaki, alifikiri, namshukuru Mungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Keti."

Hakuketi. Aliweka kikapu sakafuni, karibu na mguu wa meza.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

Eliezeri hakuelewa.

"Siku ile mkutanoni nilisema mbele za watu kwamba nilisema bwana. Kama kwamba wewe umeandika uongo. Mtu mzima kama wewe, mtu wa kanisa. Nimefikiri sana, baba. Kiswahili changu ni cha kambini. Mdomo wangu ulitaka kusema bwana, ukasema ndugu. Ulinisomea vizuri kabisa, na mimi nikawa nacheka tu kama mtoto, sikusikiliza. Ni kosa langu. Unisamehe."

Karani alitazama meza. Kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimepoa, na utando umekaa juu.

"Nifundishe neno la sawa," Rahabu akaendelea, "nisikosee tena mbele za watu. Ni mume? Niseme mume?"

"Mume," alisema Eliezeri. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye chumba kingine. "Mume ni neno sahihi."

"Mume," Rahabu alirudia, polepole, akilikanyaga kama jiwe la kuvukia. "Marehemu mume wangu Filipo. Ahsante, baba. Hayo maharage ni ya mama nyumbani. Ni ya mwisho, ndiyo maana ni machache."

Akaondoka. Akamwacha amekaa.

Kuna makosa mtu anayoweza kuyabeba, akajizoesha uzito wake, akatembea. Eliezeri angeweza kubeba kwamba amemnyang'anya mwanamke maji. Watu wamebeba makubwa zaidi na wakazikwa kwa heshima. Lakini huyu alikuwa amekuja kuchukua kosa lake, akalipakia kichwani mwake mwenyewe, na bado akamlipa maharage kwa kazi ya kubebeshwa. Na yeye, aliyefundishwa na misheni kusema kweli, alimfundisha msamiati. Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, ingawa ilikuwa asubuhi na jua linawaka, kwa sababu hakutaka mtu apite auone uso wake.

Kisha akaitoa ile karatasi, akaiingiza kwenye mashine, akainyoosha. Alisogeza mpaka mbele ya lile neno. Akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Kila mbonyezo ulitoa mlio wake mkavu, na mashine ikarudi hatua, na hatua, mpaka ikasimama juu ya *n*. Akapiga x. Akapiga nyingine. Alipozimaliza, neno *ndugu* lilikuwa limekatwa na bado linasomeka. Juu yake akapiga *bwana*. Herufi tano juu ya herufi tano. Akachukua kalamu, na pembeni akatia herufi za jina lake, polepole, kubwa kama za mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Alimpelekea Chande nyumbani. Mwenyekiti alisoma, akasikiliza, akakuna goti.

"Karani," alisema, "mambo haya tunaweza kuyarekebisha pale ofisini, wewe na mimi na Daudi. Alhamisi irudi, watu wasahau. Kwa nini ujivue nguo barabarani?"

"Alivuliwa yeye, mbele ya darasa zima. Sikusikia mtu akisema ofisini."

"Watu wakijua umefuta karatasi moja, wataziuliza zote. Hakuna atakayeziamini tena."

"Waziulize. Nimefuta nyingi."

"Na umri huu? Tope lile?"

"Sheria niliipiga chapa mimi mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Haina mstari wa umri."

Jumatano, pembe ililia kutoka kilimani kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna kaya ya Upare inayoikataa. Ilikuwa zamu ya kusafisha ndiva. Maji yalikwisha toka yote, na chini lilibaki tope jeusi, zito, lenye harufu ya majani yaliyooza. Watu walikuja na majembe na karai. Eliezeri alikuja na shati jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa, na karatasi mkononi. Mtu mmoja alimtania, "Karani, leo unakuja kupiga chapa vyura?"

Alipanda ukingoni, akangoja mpaka watu waliponyamaza, akasoma karatasi yote, pamoja na neno lililokatwa na neno lililowekwa juu yake. Kisha akaieleza. Hakusema amechoka siku ile, wala hakumtaja katibu, wala karatasi kuwa haba. Alisema Rahabu alitamka bwana. Kwamba yeye alilifuta kwa raba ili asifiwe. Kwamba aliliona kosa siku hiyo hiyo akaliacha. Na kwamba mkutanoni aliulizwa, akajibu kama mtu anayejificha nyuma ya mlango.

Huko chini kijito kilisikika.

Rahabu alikuwa kati ya wanawake, karai kichwani. Alilishusha.

"Kwa hiyo ulimi wangu ulikuwa sawa," alisema.

"Ulikuwa sawa."

"Na siku ile nilipokuja kukuomba radhi. Ulikuwa unajua?"

Hili halikuwamo katika aliyoyatayarisha. Eliezeri alitazama miguu yake, akaona jinsi alivyovipaka viatu rangi asubuhi ile kwa mazoea.

"Nilikuwa najua."

Mwanamke mmoja alivuta pumzi kwa meno. Daudi, aliyekuwa ameegemea jembe, hakupata mzaha wowote, alikohoa, akasema bila kumtazama mtu, "Shemeji, Alhamisi ni yako. Mimi nilisoma karatasi tu."

Eliezeri alivua viatu, akaviweka pamoja, ncha zikitazama mlima. Hakuvua shati. Alichukua karai kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akashuka ndani ya ndiva, na tope likamfika magotini. Watu walikaa ukingoni na majembe yao mapajani, maana sheria ilikataza mtu yeyote kumsaidia. Rahabu alisogea akasimama mahali palipomstahili.

Alizoa. Alijaza karai, akalipandisha begani, akapanda ukingo, akamwaga, akashuka. Mwanzoni watu walinong'ona. Baadaye walinyamaza, na baadaye zaidi wengine walianza kutazama pembeni, kwa kuwa si rahisi kumtazama mzee wa kanisa akiteleza na kuinuka. Shati jeupe likawa na rangi ya ndiva. Alipopita mbele ya Rahabu na karai, hakuinua macho, na yeye hakumpisha wala hakumzuia. Jua lilivuka kilele. Chande alimsogelea Rahabu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mzee ataanguka." Rahabu alisema, "Namwona."

Aliendelea kumwona. Alisubiri mpaka kona ya chini, ile ambako tope hukaa tangu mwaka jana na watu huliacha kwa uvivu, ikabaki udongo mgumu wa manjano. Mpaka Eliezeri alipopiga karai chini na likalia kama ngoma tupu, akageuka huku na huku akitafuta tope na asilione.

"Imetosha, Karani," alisema.

Miezi yote alimwita baba. Eliezeri alilisikia neno lile lililokosekana, akajua kwamba hakuna kitufe cha kulirudia. Alipanda ukingo kwa mikono na magoti, akachukua viatu vyake, asivivae.

Rahabu alikuwa amekwisha geuka. Alishuka peke yake mpaka mlangoni mwa ndiva, pale yatokapo maji. Akakata migomba, akashindilia vipande kwa udongo na visigino vyake mpaka pakaziba barabara. Kisha akawapigia kelele wanaume waliokuwa juu kwenye kijito wafungue. Maji yakaingia, kwanza kama kamba, halafu kama mkono, yakatandaa juu ya sakafu safi, yawahi kulala humo kabla ya Alhamisi.